Xbox Kuukuu, CD ya Linux na Stima ya Mombasa

Ukiniletea Xbox ya kwanza, lile sanduku jeusi zito lenye X kubwa mgongoni, mimi siiwashi. Naipindua kwanza nisome vibandiko. Natafuta tarehe ya kutengenezwa, na natafuta volti. Zile zinazotumwa na jamaa walioko Marekani zina pawasaplai ya volti 120 tu, na soketi yangu hapa Mombasa inatoa 240. Ukiichomeka bila transfoma ya kushusha utasikia mlio mmoja, kisha harufu, na hapo hatuna haja tena ya kuzungumzia programu. Watu wamezoea chaja za simu zinazokubali stima ya popote, wakadhani kila kitu kiko hivyo.

Ya mzee wa Kibokoni ilikuwa na volti za kwetu. Aliwanunulia wanawe Dubai zama alipokuwa akifanya kazi Ghuba. Wanawe sasa ni watu wazima wenye watoto wao, na mjukuu mmoja kaifukua stoo.

"Fundi, hii ilichipiwa kule kule Dubai," akaniambia. "Yawaka, lakini diski yake yakwaruza. Nitilie kubwa, huyu mtoto atie katuni zake nami nitie taarabu zangu."

"Yawezekana, mzee. Lakini kabla ya diski kuna kitu nataka kukitazama."

Kitu chenyewe ni hiki. Xbox ilipotoka Marekani tarehe 15 Novemba 2001 ilikuwa na diski ngumu ya gigabaiti 8, prosesa ya Intel ya megahezi 733 na memori ya megabaiti 64. Ni PC ya enzi zile, imetiwa kwenye sanduku la gemu. Diski za IDE ninazopata leo kwa wauza mitumba ya kompyuta ni za gigabaiti 250, 320, hata 500. Waya zinaingia, stima inatosha, lakini programu dhibiti (BIOS) iliyomo ndani ya mashine huenda isijue kuhesabu mpaka huko. Mtindo wa zamani wa kutaja mahali kwenye diski ulitumia tarakimu 28 za sifuri na moja, na ukizidisha vyumba vyote vinavyotajika hivyo kwa baiti 512 za kila chumba unafika gigabaiti 137 basi. BIOS nyingi za mwanzo zilizorekebishwa zilikomea hapo. Ukiifungia diski kubwa mashine ya namna hiyo, itafanya kazi vizuri kwa wiki kadhaa, na mteja atakusifu. Siku atakapojaza kupita mpaka, data itaanza kuandikwa pasipo pake na mafaili yataharibika moja baada ya jingine. Lawama itakuja kwako, na atakayekuja nayo atakuja na ndugu zake.

Kwa hiyo kazi ya mzee, aliyodhani ni ya kubadilisha diski, kumbe ilikuwa ya kuflashi, yaani kuandika BIOS upya.

Nikaifungua mbele yake, maana mteja aliyeona matumbo ya mashine yake habishani sana na bei. Skrubu za boma ni sita, za kichwa cha nyota saizi T20. Nne zimejificha chini ya miguu ya mpira na mbili chini ya vibandiko. Zinazoshikilia diski na draivu ya DVD ni T10. Nilitazamia kukuta chipu ya ziada na nyaya zake, kama tulivyokuwa tukizichomelea PS2 za vibanda vya gemu. Haikuwapo. Badala yake, kwenye bodi palikuwa na donge la risasi, dogo hata ikabidi nivae miwani, limeunganisha vidoti viwili ambavyo kiwandani viliachwa mbalimbali. Vikiwa mbali, chipu ya flashi iliyo kwenye bodi inasomeka tu. Vikiunganishwa, inaandikika. Yule fundi wa Dubai hakuongeza kitu chochote. Alifuta programu ya Microsoft katika chipu ya mashine yenyewe, akaandika nyingine. Na lehemu yake ilikuwa safi, namsifu.

Hapa inafaa nieleze kwa nini watu walihangaika hivi. Microsoft walijua kuwa wanauza PC, na hawakutaka igeuzwe PC. Kila programu inayoendeshwa kwenye Xbox lazima iwe na saini yao ya kidijitali. Isiyo na saini inakataliwa. Ufunguo wa kufungulia hatua za mwanzo za kuwaka waliuficha kwenye kipande cha baiti 512 ndani ya chipu moja iliyotengenezwa na NVIDIA, mahali ambapo waliamini hakuna jicho litafika. Mwaka 2002 mwanafunzi wa MIT, Andrew Huang, ambaye wengi wanamjua kwa jina la bunnie, alichomelea kifaa chake kwenye njia inayounganisha chipu hiyo na jirani yake, akasoma data inavyopita, na ufunguo ukapita mbele ya macho yake. Ameyaeleza katika kitabu Hacking the Xbox kilichotoka 2003.

Wakati huo huo tajiri mmoja wa programu huko Marekani, Michael Robertson wa kampuni ya Lindows, alikuwa ameahidi zawadi ya dola 200,000: nusu kwa atakayeendesha mfumo wa Linux kwenye Xbox, nusu nyingine kwa atakayefanya hivyo bila kugusa bodi. Hii ya pili ndiyo iliyowafanya watu wakune vichwa. Jibu lilipatikana 2003, tena mahali pa kuchekesha: kwenye faili la kuhifadhi gemu. Gemu ya 007: Agent Under Fire ilikuwa ikisoma faili hilo bila kupima urefu wake. Ukitengeneza faili refu kuliko inavyotazamia, ziada inamwagikia kwenye memori na prosesa inaitekeleza kama amri. Baadaye MechAssault na Splinter Cell zikaonekana zina ugonjwa huo huo. Gemu zenyewe zilikuwa na saini halali ya Microsoft, ndiyo maana mlinzi wa mlangoni hakuuliza kitu.

Sasa mtu akishaingiza Linux, anafanya nini nayo? Kikundi cha Xbox Linux, akina Michael Steil na wenzake, walikuwa na programu ndogo ya Linux iitwayo raincoat, kazi yake kusoma na kuandika chipu ya flashi ya Xbox. Ninayo mpaka leo, iko kwenye CD ya Linux ninayoihifadhi ndani ya kasha la DVD ya harusi ya binamu yangu ili wanafunzi wangu wasiiazime.

CD ya namna hii haiweki kitu kwenye mashine. Unaitia, inajipakia kwenye memori, unafanya kazi yako, unazima, na mashine haikumbuki kuwa ilikuja. Wenye kompyuta wanaijua tangu siku za Knoppix. Kwenye Xbox faida yake ni kubwa zaidi, na ndiyo roho ya kazi yote. Chipu ya flashi iko kwenye bodi, na anayeweza kuifikia ni prosesa ya Xbox yenyewe, si laptopu yangu. Lakini prosesa hiyo ikiwaka kwa kawaida inaendeshwa na programu iliyomo ndani ya chipu hiyo hiyo tunayotaka kuifuta. Mvuvi hazibi tundu la ngalawa akiwa mkondoni. Huivuta kwanza pwani. CD ya Linux ndiyo pwani. Ikishakaa kwenye memori haihitaji tena chochote kutoka kwenye BIOS. Unaweza kuifuta chipu yote, ikabaki tupu kabisa, na Linux ikaendelea kukusubiri kwenye skrini bila wasiwasi.

Mashine ya mzee, kwa kuwa ilikwisha rekebishwa, haikuuliza saini. Niliingiza CD moja kwa moja. Tatizo likawa draivu. Xbox zilifungwa draivu za Thomson, Philips na Samsung, na hii ilikuwa Thomson, ambayo ina sifa mbaya ya kukataa CD za kawaida za kuchoma. Nikachoma upya kwenye DVD-R. Ikasita, ikasaga, kisha maandishi meupe yakaanza kushuka kwenye TV. Mjukuu, aliyekuwa amekuja na babu yake, akauliza kama imeharibika.

Kibodi nayo ina hadithi yake. Tundu za Xbox za kuchomekea pedi ni USB kamili, ila Microsoft waliibadilisha sura plagi ili usichomeke cha mwingine. Mimi nilikata waya wa pedi iliyokufa, nikaumenya. Ndani mna nyaya tano: nyekundu, nyeupe, kijani, nyeusi na njano. Nne za kwanza ni zile zile za USB unazozikuta kwenye kebo yoyote, nikaziunganisha na soketi ya kike ya USB rangi kwa rangi. Ya njano ni ya bunduki za kulengea kwenye TV, nikaikata fupi na kuifunga kwa utepe. Kibodi yoyote ya dukani inafanya kazi.

Kisha nikatoa waya wa mtandao, maana Xbox ina tundu lake la mtandao nyuma, nikaiunganisha na laptopu. Na hapa ndipo mafundi wengi wa haraka wanapoharibu. Wao wanafika kwenye kuandika kabla hawajasoma. Mimi nilisoma chipu yote kwenda kwenye faili, nikalihamishia kwenye laptopu, nikaisoma tena mara ya pili na kulinganisha mafaili mawili kwa md5sum. Yakilingana tarakimu zote, najua chipu inasomeka sawasawa na najua ninayo nakala ya kurudi nayo. Yasipolingana kuna mguu wa chipu usioshika vizuri au pawasaplai inayoyumba, na mashine hiyo haiandikwi kitu siku hiyo.

Baada ya hapo nikachukua nakala ya EEPROM. Ni kipande kidogo mno cha memori, baiti 256 tu, lakini kina ufunguo wa diski ya mashine hiyo peke yake. Xbox hufunga diski yake kwa nywila, na nywila hiyo hupikwa kwa kuchanganya ufunguo ulio kwenye EEPROM na jina na nambari ya diski yenyewe. Ndiyo maana huwezi kuchomoa diski ya Xbox moja ukaitia nyingine na kutegemea ifunguke. Faili hilo la baiti 256 nampa mteja kwenye flashi diski yake. Wengi hawajui ni la nini. Nawaambia walitunze pamoja na vyeti vya watoto.

Linafuata suala la saizi. Xbox za matoleo ya kwanza mawili zina chipu ya megabaiti moja. Za kuanzia toleo la 1.2 zina kilobaiti 256. Ya mzee ilikuwa ya megabaiti moja, na BIOS mpya niliyotaka kuiandika ilikuwa ya kilobaiti 256. Dawa ni kulibandika faili hilo mara nne mfululizo, likawa baiti 1,048,576 kamili. Mashine ikiamka haijali imeamkia robo ipi, kwa sababu robo zote ni sawa.

Kabla ya kubonyeza nikahamishia kila kitu kwenye UPS: Xbox, laptopu, hata TV. Hapa kwetu stima ina desturi zake, na mvua ikianza kunusa tu huku Kibokoni taa zinapepesa. Kuandika kwenyewe ni kazi fupi. Unatoa amri, raincoat inatambua chipu kwa nambari ya mtengenezaji wake, inafuta, inaandika, kisha inasoma tena kulinganisha. Hujamaliza kikombe cha kahawa tungu imekwisha. Lakini stima ikikatika baada ya kufuta na kabla ya kumaliza kuandika, umebaki na mashine isiyojua kuamka. Inajiwasha, inajizima, inajiwasha, inajizima, mara ya tatu taa ya mbele inaanza kupepesa nyekundu na kijani bila kukoma. Sababu ni kwamba ndani mna chipu ndogo ya ulinzi inayoiuliza prosesa swali mara tu inapowaka, na BIOS ndiyo inayopaswa kujibu kwa wakati. Kimya kikizidi, inakata.

Na jambo ambalo ningependa kila fundi kijana alishike: uandishi ukishindwa, usizime. Ukiona maandishi yanasema hayakulingana, mkono ukae mbali na kitufe. Maadamu Linux iko kwenye memori, mashine iko hai na unaweza kuandika tena, hata kurudisha ile nakala ya zamani. Niliwahi kupokea Xbox mbili zilizouawa na vidole vya watu walioogopa wakazima. Bado zilifufuka, kwa sababu kwenye bodi mna safu ya vitundu ambavyo kiwandani vilitumika kujaribia. Ukichomelea chipu ya nje hapo na kuinyima flashi ya ndani waya wake mmoja, Xbox inaamkia kwenye chipu ya nje. Unaweka CD, unaiandika upya ile ya ndani, unaondoa chipu. Ni kazi ya mchana mzima na haina bei nzuri.

Ya mzee iliandikika mara moja, ikalingana. Nikazima, nikawasha, taa ikawa ya kijani.

Sheria nayo isiachwe nje. Mafundi hupenda kusema mashine ni yako, fanya utakalo. Nusu ni kweli. Kuna BIOS iitwayo Cromwell, iliyoandikwa na watu wa Xbox Linux kutoka mwanzo bila mstari hata mmoja wa Microsoft. Hiyo ni safi, lakini inaamsha Linux tu na haichezi gemu yoyote. Zile ambazo watu wanazitaka, za jamii ya EvoX na X2, ni BIOS ya Microsoft iliyokatwa na kushonwa upya, na haki ya kazi ile ni ya mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakataza pia kukwepa vizuizi vya kiteknolojia vilivyowekwa kulinda kazi za watu. Mimi nimejiwekea mpaka wangu: mashine iliyokwisha badilishwa nitaitengeneza isife, nitaitilia diski, nitaitilia programu ya kuangalia video. Kupakia gemu za kunakili sipakii, hata ukinionyesha noti. Kuna vijana hapo Majengo wanafanya, hatugombani, lakini kadi yangu haimo.

Kuhusu mashine zilizorekebishwa kufungiwa mtandaoni, jambo lililowatisha watu enzi zile, hakuna tena cha kufungiwa. Microsoft walizima huduma ya Xbox Live kwa mashine hizi tarehe 15 Aprili 2010.

Diski mpya ya gigabaiti 320 niliijaza kwa PC ya zamani yenye tundu la IDE, nikitumia CD nyingine ya Linux, XboxHDM, inayojua mpangilio wa mafaili wa Xbox. Ile ya zamani ilikuwa bado imefungwa kwa nywila, kwa hiyo nilifanya ule mchezo wa kuiwasha kwenye Xbox, nikasubiri ifunguke, kisha nikahamisha kebo ya data kwenda kwenye PC huku stima ikiendelea kutoka kwenye Xbox. Sikushauri ujifunzie kwenye mashine unayoipenda. Picha za zamani za wanawe mzee zilikuwa mle, na mlio wa kukwaruza ulinifanya nisipumzike mpaka zikatoka zote.

Kisha nikaitilia XBMC, programu ya kuangalia video na kusikiliza muziki. Wenye visanduku vya TV wanaijua kwa jina lake la sasa, Kodi, ililopewa 2014, na wachache wanajua kuwa mtoto huyo alizaliwa ndani ya Xbox zilizorekebishwa, miaka ileile ya 2002 na 2003. Herufi mbili za mwanzo, XB, ndizo hizo. Mzee alipoona kanda zake za taarabu zimejipanga na picha za majalada hakusema neno, akavuta kiti.

Ikiwa unayo Xbox na unataka iflashiwe kwa CD ya Linux, angalia kwanza tarehe ya chini. Toleo la mwisho, 1.6, la kuanzia 2004, haliandikiki hata ukilibembeleza, kwa sababu chipu yake si ya flashi; hilo linataka chipu ya kuongeza au njia ya programu kwenye diski. Usimlipe mtu anayekuambia ataliflashi.

Kabla ya kufunga boma nilimaliza na kitu ambacho hakina uhusiano na programu. Matoleo yote kabla ya 1.6 yana kapasita ndogo ya duara ya kutunzia saa, na kwa umri huu inavuja. Maji yake yanakula nyuzi za shaba kwenye bodi, polepole, mpaka mashine inaanza kujiwasha yenyewe usiku au inakataa kuzima. Ya mzee ilikuwa imeanza, pembeni mwa miguu yake mna unyevu wa rangi ya kahawia. Niliitoa, nikasafisha kwa spiriti na mswaki, nikafunga bila kurudisha nyingine. Hasara yake ni kwamba Xbox ikichomolewa ukutani inasahau saa na tarehe, na ikiwashwa tena inauliza. Nilimwambia mzee kabla hajalipa. Akasema mjukuu ndiye atakayeijibu.